Juu ya Kutabiri Ligi

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapokaribia, pale Manundu mjini Korogwe huanza msimu usiomo katika kalenda ya wakulima. Mahindi ya masika yameshavunwa, watu wana senti kidogo mfukoni, na ligi bado haijaanza. Huo ndio msimu wa kutabiri. Utawakuta wazee wa kahawa, madereva wa magari ya kwenda Lushoto na Handeni, mafundi cherehani na hata wale wanaojidai hawapendi mpira, kila mmoja akieleza kwa uhakika wa hakimu nani atakuwa bingwa na nani atashuka daraja. Mimi nami nimekuwa mmoja wao kwa zaidi ya miaka thelathini. Naandika haya si kwa kuwacheka wenzangu, bali kwa kuwa utabiri wangu mmoja uliwahi kumletea hasara mtu nimpendaye, na tangu hapo nimekuwa nikiutazama ufundi huu kwa jicho la mkaguzi.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mwandishi wa michezo. Nilikuwa mwalimu wa hesabu hadi nilipostaafu. Timu yangu ni Coastal Union ya Tanga, Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Na kama ilivyo kwa watu wengi wa mkoa wetu, ninayo timu ya pili ya Dar es Salaam, nayo ni Simba. Mtu wa Tanga aghalabu ana timu mbili, ya damu na ya redio. Ya damu ndiyo inayomliza. Ya redio ndiyo inayompa la kusema kijiweni. Msomaji aliye wa Yanga na anisamehe kuanzia sasa, maana nitajitahidi kuwa mwadilifu, lakini siwezi kuapa.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na tabia ya kuhifadhi magazeti ya michezo ya Agosti chini ya godoro, kisha kuyatoa mwezi wa Mei ligi inapomalizika. Mke wangu aliona ni uchafu tu. Lakini nakushauri, ndugu msomaji, ulijaribu jambo hilo walau mara moja. Utaona kwanza kwamba hakuna gazeti lililowahi kurudi Mei likasema, tulitabiri hivi, ikawa vile. Utabiri wa Agosti hufa Septemba, wala hauna kaburi. Pili, utaona lugha yake. Mchezaji mpya ni "kifaa" au "mashine". Usajili ni wa "kishindo". Kocha ni "mwenye uzoefu". Kisha yanakuja maneno ya kinga: timu ikijipanga vizuri itafanya vizuri, zote zina nafasi, mpira unadunda. Huu wa mwisho ndio mlango wa uani wa kila mtabiri. Akishinda, alijua. Akikosea, mpira unadunda. Darasani kwangu mwanafunzi aliyejibu kwamba iksi ni tano isipokuwa kama si tano, nilimpa sifuri.

Wanaotabiri bingwa wana kosa jingine, nalo ni kujivunia jambo rahisi. Tangu mwaka 2001 hadi msimu uliomalizika 2025, ubingwa wa Tanzania Bara haukutoka nje ya Simba na Yanga ila mara moja tu, Azam ilipoutwaa msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Yanga ilichukua mara tatu mfululizo hadi 2017, Simba ikachukua mara nne hadi 2021, Yanga tena mara nne hadi 2025. Katika hali hiyo mtu anayesema "bingwa atatoka Kariakoo" hajatabiri kitu, ametaja jiografia. Anayechagua mtaa, Msimbazi au Jangwani, anarusha shilingi. Na kama anao wepesi wa kuona kwamba aliyechukua mwaka jana huelekea kuchukua tena mwaka huu, atapatia mara nyingi kuliko wachambuzi wote wa redioni, hata kama hajui jina la kipa.

Haikuwa hivyo zamani, na pengine ndiyo maana wazee wetu walikuwa watabiri wanyenyekevu zaidi. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilipanda daraja, na msimu huohuo wa kwanza ikachukua ubingwa. Sidhani kama kuna mtu nje ya Rungwe aliyelisema jambo hilo kabla halijatokea. Mwaka 1988 ikawa zamu yetu, Coastal Union. Mtibwa Sugar wakachukua mara mbili, 1999 na 2000. Nakumbuka mwaka ule wa 1988 jinsi watu wa Korogwe walivyoapa kwamba walijua tangu mwanzo. Nami niliapa. Ukweli ni kwamba hatukujua, tulitaka tu. Na kutaka kukitimia hugeuka kuwa kujua katika kumbukumbu ya mtu.

Wale wanaotabiri mechi moja moja nao nisiwaache. Tarehe 20 Oktoba 2013 nilikuwa katika banda la video hapa mjini, tukitazama Simba na Yanga. Hadi mapumziko Yanga ilikuwa inaongoza 3–0. Mzee mmoja wa Simba, jirani yangu, alisimama, akavaa kofia yake, akasema, "Hii tayari ni tano." Akaenda kulala. Mechi iliisha 3–3. Asubuhi alipoambiwa alikataa katakata, akadhani tunamtania kwa kuwa ni mfiwa. Lakini nisimcheke kupita kiasi, maana tano zipo kweli katika historia ya watani hawa: Yanga ilimfunga Simba 5–0 mwaka 1968, Simba ikalipa kwa 6–0 mwaka 1977 na 5–0 mwaka 2012, na Yanga ikapiga 5–1 Novemba 2023. Mzee alikuwa na ushahidi. Alichokosa ni dakika arobaini na tano za subira.

Huwezi kuandika juu ya kutabiri mpira katika sehemu zetu ukaacha kuitaja Handeni. Nchi nzima inajua sifa ya Handeni kwa uganga, na Wazigua wenyewe hawaikatai wala hawaikubali, wanatabasamu. Husemwa kwamba kabla ya mechi kubwa huonekana magari yenye vioo vyeusi yakikata kona barabarani kuelekea vijiji visivyo na lami. Mimi sijayaona. Lakini miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nafundisha upande ule, nilizoeana na mzee mmoja wa Chanika ambaye watu wa mpira walikuwa wakimwendea. Timu zao hakunitajia, nami sikuuliza. Nilimuuliza jambo moja tu, kwa udadisi wa mwalimu: je, anaweza kujua nani atashinda?

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "hawa wakija hawaulizi nani atashinda. Wanaomba washinde. Hakuna aliyewahi kupanda gari kutoka Dar kuja kuniuliza kama atafungwa."

"Na wakija wote wawili?"

"Nawahudumia wote wawili. Mmoja atashinda, naye atarudi kushukuru. Yule mwingine hatarudi, basi hasemi kitu."

Nimesoma vitabu kadhaa vya hesabu ya bahati na sijapata maelezo mafupi na mazuri kuliko hayo juu ya jinsi sifa ya mtabiri inavyojengwa. Wanaorudi ndio wanaohesabiwa. Na yale maneno yake ya kwanza yamenifaa zaidi: msomaji wa ukurasa wa michezo mwezi wa Agosti naye haulizi nani atashinda. Anaomba ashinde. Mwandishi anayajua hayo, anamwandikia dua na kuiita uchambuzi. Ndiyo sababu gazeti huwa na utabiri mmoja kwa wa Simba na mwingine kwa wa Yanga, kurasa mbili zinazotazamana, bila aibu.

Sasa nije kwenye habari yangu mwenyewe.

Msimu wa 2015/16 ulianza Septemba, na mkoa wa Tanga ulikuwa na neema kubwa: timu tatu katika Ligi Kuu ya timu kumi na sita. Ilikuwepo Coastal Union. Ilikuwepo African Sports, Wana Kimanumanu, ambayo ilikuwa imepanda daraja mwaka uleule pamoja na Toto Africans, Mwadui na Majimaji. Na ilikuwepo JKT Mgambo, ambayo sisi tuliihesabu kuwa timu ya Handeni kwa kuwa kambi yake iko kule Kabuku, ijapokuwa mechi zake za nyumbani ilizichezea Mkwakwani, Tanga mjini, sawasawa na wale wenzake wawili. Mtu wa Handeni aliyetaka kuitazama timu ya nyumbani kwake ilimbidi apande basi.

Mgambo hawakuwa wa kudharauliwa. Mwanzoni mwa 2014 waliifunga Simba pale Mkwakwani, na mwishoni mwa Machi mwaka huohuo wakaifunga Yanga 2–1, wakati Yanga ikiikimbiza Azam kwa udi na uvumba. Mashabiki wa Azam nao wana deni kwa vijana wa Kabuku, ingawa sijasikia wakilitaja.

Siku chache baada ya Idd ya mwaka ule wa 2015, nilikwenda Sindeni kwa dada yangu. Jioni tulikaa uani, na mpwa wangu, mtoto wake wa pili, akaniuliza kama kawaida: "Mjomba, msimu huu unaonaje?" Kijana huyu ananiheshimu kuliko ninavyostahili. Alijua nimefundisha hesabu, na kwa mawazo yake mtu wa hesabu hakosei jambo lenye namba. Nikaomba kipande cha karatasi. Nikamwonyesha kwamba timu tatu zitashuka kati ya kumi na sita, na kwamba kuna makundi 560 tofauti ya timu tatu unayoweza kuyapata katika timu kumi na sita. Kundi la Coastal, Sports na Mgambo ni moja tu kati ya hayo 560. "Moja inaweza kushuka," nikasema, "mbili, tukikosa bahati. Zote tatu, hapana. Hiyo ni moja kwa mia tano na sitini." Aliikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Ningekuwa na akili ningeinyang'anya.

Hesabu yenyewe haina kosa, msomaji unaweza kuipiga upya. Kosa liko katika kudhani kwamba timu zinashuka daraja kama karata zinazochomolewa na mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Yanga na Azam zilikuwa pia ndani ya yale makundi 560, na kila mtu alijua kwamba makundi yenye majina hayo yalikuwa ya karatasini tu. Tena majina matatu ya Tanga hayakuwa mambo matatu yaliyotengana. Uwanja ni mmoja, mji ni mmoja, mifuko ya watu wanaonunua tiketi ni ileile, wafanyabiashara wanaoombwa mchango ni walewale, na barabara ya kwenda Songea, Mbeya, Mtwara, Shinyanga na Mwanza ni ndefu kwa wote watatu. Likitokea la kumdhoofisha mmoja, kuna kila sababu liwe linawadhoofisha na wenzake. Mvua ikinyesha haichagui nyumba moja ya nyasi katika kitongoji.

Wapo waliosema baadaye kwamba zilishuka kwa sababu zilinyang'anyana pointi. Hilo silikubali. Pointi tatu anazozipata Mgambo kwa Sports zimebaki Tanga. Ni sare tu inayopoteza. Nalitaja kwa kuwa mpaka leo nalisikia likirudiwa, hata na watu wenye elimu.

Mwishoni mwa Januari 2016 likatokea lililonimaliza kabisa. Coastal Union iliifunga Yanga 2–0 Mkwakwani. Yanga hiyohiyo ambayo mwishowe ilikuwa bingwa! Manundu hapakulalika. Mpwa wangu alinipigia simu usiku, kelele nyuma yake zikiwa kama za harusi. Akanieleza kwamba pale Chanika kuna mfanyabiashara wa machungwa anayesema hadharani kwamba timu zote tatu za Tanga zitashuka, na yuko tayari kuweka dau. "Mjomba, ile hesabu yako ya mia tano na sitini bado iko palepale?" Nikasema, iko palepale. Sikuuliza dau ni kiasi gani. Sikufungua gazeti kuutazama msimamo wa ligi, ambao ungenionyesha kwamba zote tatu zilikuwa zinahangaika katika sehemu ya chini na kwamba ushindi ule mmoja, pamoja na utamu wake, ulikuwa pointi tatu tu kama nyingine. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haendi kutafuta karatasi.

Dau lilikuwa shilingi laki tatu na arobaini elfu. Ilikuwa fedha ya mabati ishirini. Mpwa wangu alikuwa amejenga nyumba ya vyumba viwili na sebule, ameipandisha kuta, akaiezeka kwa nyasi kwa muda, na ile fedha ya mahindi na mbuzi aliiweka kwa ajili ya kuezeka upya kabla ya masika. Alidhani ataifanya kuwa mabati arobaini na kupata baraza na jiko.

Mwezi wa Aprili Coastal ikatupa tena wazimu: ikaitoa Simba katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, 2–1, tena Dar es Salaam. Nikajikuta nimefungwa na timu yangu ya damu dhidi ya timu yangu ya redio, na sikuumia hata kidogo. Lakini kombe si ligi. Mwezi wa Mei ligi ilipomalizika, timu tatu zilizoshuka daraja zilikuwa Coastal Union, African Sports na JKT Mgambo. Mkoa mzima ulifagiliwa kwa siku za msimu mmoja. Timu iliyomfunga bingwa na kumtoa Simba katika kombe ilikuwemo.

Masika ya mwaka ule mpwa wangu, mkewe na mtoto mchanga walihamisha kitanda mara tatu ndani ya nyumba yao wenyewe wakilikwepa tone. Dada yangu ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, akidhani najua habari za dau. Sikujua. Nilikaa na aibu ile siku nyingi kabla sijapanda gari kwenda Sindeni. Nilipofika, kijana alinipokea mkoba, "Shikamoo mjomba," akanikaribisha kiti, akaagiza chai. Hakulitaja jambo lile hata kidogo. Mimi ndiye niliyelitaja. Akacheka, akasema, "Mpira unadunda, mjomba." Kumbe maneno yale, niliyoyadharau miaka yote kuwa mlango wa uani wa watabiri, anaweza pia kuyatumia mtu aliyeumizwa ili kumfungulia njia aliyemuumiza. Nilimpa nilichokuwa nacho, mabati sita kwa hesabu. Alikataa kwanza, akapokea baadaye kwa kuwa mama yake alimkazia macho.

Nikaenda kumtafuta yule mfanyabiashara wa machungwa. Sikwenda kugombana; nilitaka kujua. Mtu aliyepatia jambo lililoniponyoka mimi na kurasa zote za michezo alistahili kusikilizwa. Nilimkuta akipanga mafungu, mtu wa makamo, mpole, wala si shabiki wa timu yoyote.

"Mwalimu, mimi mpira siujui," alisema. "Najua machungwa. Siku Simba au Yanga wakija Mkwakwani namaliza gunia tatu kabla ya kipindi cha pili. Siku nyingine miaka ile narudi na moja. Mwaka huu siku za kawaida narudi na mbili. Hao wanaokuja uwanjani ndio wanaolipa. Sasa kama hawaji kwa timu moja, hawaji kwa zote tatu, si nyumba ni moja? Nikasema basi hawa hawafiki."

Sisemi kwamba machungwa ndiyo yaliyozishusha. Mambo ya timu yana mengi ambayo sisi wa nje hatuyaoni, na sitaki kumtwika mtu lawama nisiyoweza kuithibitisha. Huenda naye yule bwana alibahatisha tu, akawa kama wateja wale wa mzee wa Chanika wanaorudi kushukuru. Lakini nikiwa mkaguzi nampa maksi, kwa sababu moja: alisema jambo lililoweza kuonekana kuwa uongo. Alisema zote tatu. Ingebaki hata moja, angepoteza. Hakuacha mlango wa uani. Tena alitazama kitu kilichokuwa mbele ya macho yake wiki baada ya wiki, akabadili mawazo kadiri magunia yalivyobadilika, ilhali mimi nilipiga hesabu yangu Septemba na kuitetea Februari kama wosia.

Hapo ndipo ninapoona upungufu mkubwa wa kurasa zetu za utabiri. Zinajua majina ya wachezaji wapya wa Simba na Yanga, na siku hizi zina sherehe mbili nzima za kuwatambulisha, Simba Day tangu 2009 na Wiki ya Mwananchi tangu 2019. Lakini juu ya timu kumi na mbili au kumi na nne zilizobaki, ambazo ndizo zenye mashaka ya kweli na ndizo za nyumbani kwa wasomaji wengi, hupewa mstari mmoja: "zinahitaji kuongeza bidii." Hakuna anayeuliza timu itasafirije, itacheza wapi, nani anakuja kuitazama akiwa hachezi Simba. Kushuka daraja kwa timu ya mkoani ni jambo zito kuliko ubingwa wa Kariakoo. Yanga ikikosa ubingwa hubaki Yanga, na mwaka unaofuata itatabiriwa tena. Mgambo iliposhuka, Handeni ilibaki bila timu ya kuisikia redioni Jumamosi.

Nisije nikaonekana nimepona. Coastal Union ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Msimu wa 2023/24 ulipokuwa unaanza, nikiwa sasa mtu wa tahadhari, mwanafunzi wa machungwa, niliwaambia watu wa Manundu kwamba safari hii tena tunashuka. Niliwapa sababu, nilizipanga kwa namba. Coastal ikamaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Wazee wa kahawa walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Niliwaeleza kwamba walau nilisema jambo lililoweza kuwa uongo. Walikubali kwamba lilikuwa uongo.

Mwishoni mwa Mei mwaka huo wa 2024 mpwa wangu alinipigia simu kutoka Sindeni. Nyumba aliimalizia zamani, mwaka 2017, kwa mauzo ya mahindi, na yale mabati sita ndiyo yaliyo juu ya baraza ninapokaa nikienda. Alianza na salamu za mama yake, akaja kwenye jambo lake. Nilisikia "Mjomba," nikasikia "msimu ujao," kisha sikusikia kitu. Mvua ilikuwa imeanza upande wao, mvua kubwa ya mwisho wa masika, na mabati yote ya nyumba ile yalikuwa yanapiga kelele kwa pamoja. Alirudia mara mbili kwa sauti ya juu. Nikamwambia, kama aliweza kunisikia, apige baadaye itakapopungua.